Mtu wa chukudu hakuomba hata franka moja: juu ya nini alimbeba nyanya yangu mpaka Sake?

#1 MwanaMajengo
Jambo yenu wote. Hili swali niko nalo tangu 2021, leo nalitua hapa.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kutapika, alfajiri gavana wa kijeshi alitangaza kartie (mitaa) kumi za Goma zihame. Majengo yetu ilikuwemo. Mnakumbuka ardhi ilivyokuwa inatetemeka, hata sufuria zinagongana zenyewe. Watu wote wakamiminika barabara ya kwenda mji wa Sake. Nyanya yangu alikuwa na miaka 78 na goti moja halikunji. Mimi na dada yangu tulimshika huku na huku, tukafika Ndosho pumzi zimekwisha.

Akatokea mtu na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, amepakia magunia mawili ya makala, yaani makaa. Alisimama, akamtazama nyanya, akashusha magunia na kuyaegemeza ukutani karibu na mama aliyekuwa anauza maji. Akatandika kitenge chetu kwenye ubao, akamkalisha nyanya, akachukua ule mpira wa ndani wa tairi wanaoukata kama mkanda, akamfunga kiunoni kama anafunga kabichi. Tukaenda hivyo mpaka Sake. Kufika nikaanza kutafuta pesa mfukoni. Nainua kichwa, ameshageuza. Jina sikulijua na sijamwona tena.

Sasa nasoma biolojia, mwaka wa pili. Tunafundishwa mageuzi ya viumbe: anayejipigania yeye na watoto wake ndiye anayeacha kizazi. Nikauliza darasani, na mtu wa chukudu je? Darasa likacheka. Mwalimu akasema ni swali zuri, halafu kipindi kikaisha.

#2 Mtu_wa_Kadutu
Salamu kutoka Bukavu. Darasani hawakukumalizia somo. Mageuzi hayasemi mtu ajipiganie yeye peke yake. Mwingereza William Hamilton alionyesha mwaka 1964 kwamba urithi wako haukai ndani ya mwili wako tu, uko pia ndani ya ndugu zako. Ndugu wa baba na mama mmoja mnashirikiana nusu, mjukuu na nyanya robo, mtoto wa baba mdogo thumni. Hesabu yake: chukua faida anayopata mwenzako, zidisha kwa kiasi cha undugu wenu. Ikipita hasara unayopata wewe, tabia ya kusaidia itaenea kizazi kwa kizazi, hata kama msaidiaji mwenyewe anaumia.

Kwa hiyo wewe na dada yako hapo mmeelezeka. Mtu wa chukudu, uliza kwanza kama si ndugu yenu wa mbali.

#3 KakaDar
Mtu wa Kadutu, ndugu wa mbali kiasi gani? Ukifika binamu wa tatu hesabu inabaki karibu sifuri. Kwa hesabu hiyo yule jamaa angemshusha bibi yake hapo hapo Ndosho.

#4 Lushois243
Banakwetu, KakaDar amekaa sana Tanzania mpaka amesahau kwao. "Bibi yake"? Huyu kijana ameoa mwanamke wa miaka 78? 😂 Huku Lubumbashi bibi ni mke. Mama ya mama yako tunamwita kambo tu.

#5 KakaDar
Haya, nimekosa. Na nyie watu wa Goma mnaita mzee wa watu tunda la kuunga mchuzi, mbona hamchekwi?

#6 Mama Likelemba
Wanangu, niko nauza sambaza, samaki wadogo, hapa Virunga sokoni miaka mingi, sikusoma hiyo hesabu ya thumni. Lakini sisi kwenye likelemba yetu, mchango wa zamu, tuko wanawake kumi na wawili na hakuna wawili waliozaliwa na mama mmoja. Kila Jumamosi tunatoa, mmoja anakula. Leo yako, kesho yangu. Huyo mtu ameweka yake kwa nyanya. Siku moja na yeye atakula.

#7 Mwalimu_Himbi
Mama amesema kwa mistari mitatu kitu ambacho Robert Trivers alikiandikia makala ndefu mwaka 1971. Kusaidiana kwa zamu kunaweza kuenea hata kati ya wasio ndugu, ikiwa tu watakutana tena na ikiwa mdanganyifu anakumbukwa.

Mfano maarufu wa hilo ni popo wanyonya damu wa Costa Rica. Popo yule akikosa damu kama siku tatu mfululizo anakufa. Gerald Wilkinson alieleza mwaka 1984 jinsi aliyeshiba anavyomtapikia mwenzake aliyekosa, na anayepewa ni yule wanayelala naye pamoja mara nyingi, si ndugu wa damu tu.

Kisha Robert Axelrod akashindanisha programu za kompyuta, katika mchezo wa kusaidiana au kudanganyana, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, kaileta Anatol Rapoport: anza kwa wema, halafu mfanyie mwenzako kile alichokufanyia mara ya mwisho. Likelemba tupu.

#8 MwanaMajengo
Merci Mwalimu, merci Mama. Lakini angalieni tena nilichoandika. Hakutaka jina letu wala hakutupa lake. Watu maelfu na maelfu barabarani, kila mmoja na godoro kichwani. Zamu yake ya kula itafika vipi kama hajui likelemba yenyewe iko wapi?

#9 MotariKatindo
Msifanye watu wa Goma malaika. Siku ile ile nilikuwa barabarani. Kuna waliotoza bei mara tatu, mara nne. Kuna nyumba zilifunguliwa kabla wenyewe hawajafika Mugunga. Na mimi nisiwadanganye, nilipandisha bei. Esansi (petroli) ilikuwa imepanda, na moto yangu, pikipiki, si ya baba yangu, mwenye moto anataka versema yake, pesa ya kila siku, kila jioni, volkano au hapana volkano.

Kwa hiyo swali liwe: kwa nini MMOJA alisaidia na wengine hatukusaidia?

#10 Lushois243
Hatimaye shahidi amejitaja mwenyewe. Mods, mfungieni pingu.

#11 Mama Likelemba
Motari, umesema kweli, na ukweli una kazi yake.

Niwape hadithi. Kuna mama mmoja tulimwingiza kwenye likelemba. Alisema mtoto anaumwa, tukampa ale wa kwanza. Alikula Jumamosi, Jumamosi iliyofuata hakuja. Alihamia upande mwingine wa mji. Mnafikiri tulimfuata polisi? Hapana. Tulisema tu. Mimi nikamwambia wa mboga, wa mboga akamwambia wa unga, wa unga ana dada yake Birere. Mwezi haukuisha, alikuwa anataka ndoo ya samaki kwa deni na hakuna aliyempa. Alikuja mwenyewe kuomba msamaha, analipa kidogo kidogo kwa sarafu za watoto.

Kwa hiyo hata kama huyo mtu wa chukudu hakujua nyanya, barabara nzima ilikuwa inamwona.

#12 Mwalimu_Himbi
Na hapo Mama ametuletea nadharia ya tatu bila kujua! Inaitwa malipo ya kupitia mtu wa pembeni. Nakusaidia wewe, anayenilipa si wewe, ni yule aliyeniona au aliyesikia. Martin Nowak na Karl Sigmund waliiandikia hesabu yake mwaka 1998. Ukiwa na jina zuri, milango inafunguka. Ndiyo maana binadamu anapenda sana kusengenya: masengenyo ni daftari la madeni ya kijiji.

Kuna jaribio zuri la Newcastle, Uingereza, la mwaka 2006. Wafanyakazi wanajihudumia chai na maziwa, kila mmoja anaacha pesa kwenye sanduku, hakuna mlinzi. Wiki moja wanabandika picha ya maua juu ya bei, wiki nyingine picha ya macho ya mtu. Wiki za macho pesa zilikuwa karibu mara tatu. Karatasi tu yenye macho!

#13 Mtu_wa_Kadutu
Mwalimu, hilo jaribio la macho nililipenda na mimi, lakini lilikuwa na ofisi moja na wiki chache. Watu wamelirudia sana baadaye. Mwaka 2017 tafiti nyingi zilipowekwa pamoja, athari ya macho kwenye ukarimu haikuonekana. Tusilijengee nyumba.

#14 Mwalimu_Himbi
Nimekubali, macho yatoke. Lakini jina zuri linabaki.

#15 Pasta_Jirani
Amani kwenu. Naona popo, kompyuta, maziwa ya Wazungu. Hakuna aliyesema neno rahisi: yule mtu alimwona mama yake ndani ya yule nyanya, akaguswa moyo. Mungu alimgusa. Mnamfanya mfanyabiashara aliyekuwa anapiga hesabu ya jina. Mtu anayepiga hesabu haachi magunia mawili ya makala kwa mtu asiyemjua.

#16 BintiKivu
Pasta, niruhusu kidogo. Nadhani hapa ndipo uzi wote unateleza.

Kuna mtafiti Mholanzi, Niko Tinbergen, mwaka 1963 aliandika kwamba ukiuliza "kwa nini mnyama anafanya hivi" umeuliza maswali manne kwa mara moja. Nachukua mawili tu. Kwa nini unakula? Jibu la kwanza: kwa sababu nina njaa na sombe, majani ya muhogo, inanukia. Jibu la pili: kwa sababu wale ambao hawakuwahi kusikia njaa walikufa zamani bila kuacha watoto. Yote mawili ni kweli na hayapigani. Hakuna anayekaa mezani anasema "ngoja nile ili urithi wangu uendelee".

Vile vile mtu wa chukudu. Huruma yake ni ya kweli kabisa, hakupiga hesabu yoyote. Hamilton, Trivers na wengine wanauliza kitu kingine: huruma yenyewe ilikujaje ndani ya binadamu, na kwa nini haikufutika njiani.

#17 Pasta_Jirani
Binti, umesema vizuri kuliko Mwalimu. Hata hivyo huruma aliyeiweka namjua.

#18 Mwalimu_Himbi
Nimeonewa.

#19 BintiKivu
😂 Pole Mwalimu. Niongeze langu, maana kwangu hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayotosha peke yake.

Fikiria utamu. Zamani tunda tamu lilikuwa adimu, anayelipenda alipona. Leo sukari iko kwenye kila duka, kupenda kule kule kunatupa ugonjwa. Ulimi haujui kama dunia imebadilika. Labda na huruma iko hivyo. Maelfu ya miaka tuliishi kambi ndogo ndogo, kila uliyemwona anaanguka alikuwa ndugu, au mtu utakayekutana naye kesho mtoni. Moyo ukajifunza kanuni moja: mzee ameanguka, mwinue. Halafu tukajenga Goma, na moyo haujui kama huyu wa leo ni mgeni. Kwa hiyo yule mtu "alikosea", lakini kosa zuri.

#20 Mtu_wa_Kadutu
BintiKivu, maelezo hayo yanapendwa sana lakini mguu mmoja umevunjika. Mwaka 2011 Kim Hill na wenzake waliangalia jamii 32 za wawindaji na wachumaji, wakakuta watu wengi wanaoishi kambi moja hawana undugu wa damu wa karibu. Watu wanahama, wanaolewa, wanatembelea kambi nyingine. Mgeni hakuzaliwa pamoja na mji. Moyo wa mtu umezoea wageni tangu zamani na unajua kuwatofautisha.

#21 BintiKivu
Sawa, lakini mgeni wa kambi ya jirani utamwona tena msimu ujao. Wa barabara ya Sake humuoni tena. Mguu umeteguka, haujavunjika.

#22 KakaDar
Kwa nini mnaenda mbali? Mko na bonobo hapo hapo Kongo! Mnyama mpole wa jamii ya sokwe, ndugu yetu wa karibu, duniani kote anapatikana nchini mwenu tu. Sokwe wanapigana, wale wa Gombe kule Tanzania walimalizana kundi kwa kundi kati ya 1974 na 1978, Jane Goodall alishuhudia. Bonobo hapana, wao ni upendo tu. Sisi tumechukua upande wa bonobo.

#23 Lushois243
"Upendo tu." Kaka, tunajua umesoma ukurasa gani wa habari za bonobo 😂😂 Pasta funga macho.

#24 BintiKivu
KakaDar, kiasi. Bonobo wako kusini ya mto Kongo, huku kwetu mashariki hakuna, sisi tuna sokwe na gorila. Na bonobo si malaika. Mwaka 2024 ulitoka utafiti uliolinganisha madume wa bonobo wa Kokolopori na madume wa sokwe wa Gombe. Madume wa bonobo waligombana wao kwa wao mara nyingi zaidi! Tofauti ni kwamba sokwe wanafikia kuua, na katika utafiti huo madume wa bonobo hawakuonekana wakiua.

Ila liko jambo linalofaa uzi huu. Lola ya Bonobo, Kinshasa, ile hifadhi ya mayatima aliyoianzisha Claudine André mwaka 1994, Jingzhi Tan na Brian Hare walifanya majaribio na matokeo yakatoka 2013. Bonobo anapewa chakula ndani ya chumba, mlango mmoja una mgeni, anaweza kula peke yake au kumfungulia. Wengi walimfungulia mgeni, na walimpendelea mgeni kuliko mwenzao wa kila siku. Lakini walipowekewa hali ambayo hawawezi kukutana na mgeni, hawakutoa chakula chao. Walitaka kufahamiana. Yaani chakula kilikuwa bei ya kupata rafiki mpya.

#25 MwanaMajengo
Na wetu aligeuza chukudu kabla sijamwambia asante. Huyo hata bonobo hamfanani.

#26 Mzalendo_Beni
Wakongo tumesaidiana tangu zamani. Mfupa wa Ishango una miaka 90,000, na Wazungu waliuchukua. Hiyo ndiyo jibu.

#27 Mtu_wa_Kadutu
Mzalendo, umechanganya vitu viwili. Mfupa wa Ishango wenye alama, alioupata Mbelgiji Jean de Heinzelin mwaka 1950, unakadiriwa miaka kama 20,000, na kweli uko Brussels. Wa miaka 90,000 hivi ni vyusa vya mifupa vya Katanda, mto Semliki, eneo hilo hilo. Walikuwa wanachoma kambale wakubwa kwa vyusa hivyo. Kambale akija kutaga mtoni wanakuwa wengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula, kwa hiyo kidogo uko sahihi, labda waligawana. Lakini chusa hakisemi nani alimpa nani.

#28 Mzalendo_Beni
Merci kwa marekebisho. Urudi bado.

#29 Chukudu_ya_Zamani
Nimesoma yote tangu jana. Mimi nilisukuma chukudu miaka tisa, Kibumba na Goma, viazi, kabichi, makala. Leo niko na kiduka. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza watu wa chukudu.

Nitawaambia vile ninavyoona. Siku ile barabara ilikuwa imejaa. Ukiwa na makala hakuna anayekupisha, wanakutukana, "unabeba makala wakati watu wanakufa?" Ukiwa na mzee juu ya ubao, njia inafunguka yenyewe. Askari anasukuma watu upite. Makala ya nini siku ile? Nani angenunua, mji umekwenda? Magunia yale yalikuwa hasara tayari. Yeye na nyanya wote walikuwa wanakwenda Sake. Nyanya ana kilo ngapi, hamsini? Gunia moja la makala linamshinda. Alipunguza mzigo na akapata njia.

Sisemi hakuwa mtu mwema. Nasema chukudu ina akili yake.

#30 Mwalimu_Himbi
Nimecheka peke yangu ofisini. Nadharia nne za maprofesa, na mtu wa chukudu anatuambia mzigo ulikuwa umepungua.

#31 MwanaMajengo
Mzee Chukudu, heshima zangu. Lakini kilima cha Mugunga alimsukuma akiwa ameinama mpaka kifua kinagusa usukani. Nilimwomba nishike na mimi, akakataa, akasema nitaivuruga. Na pale kwenye mawe alikuwa anashuka taratibu, mguu kwenye ule mpira wa breki ya nyuma, asimtikise. Anayetaka njia tu hashuki vile.

#32 Chukudu_ya_Zamani
Mtoto, ukiharakisha kwenye mawe gurudumu la mbao linapasuka. Lakini sawa. Goti la mzee nalo linafikiriwa.

#33 Mama Likelemba
Na mimi niulize wasomi. Mnauliza juu ya nini alimbeba. Mimi nauliza juu ya nini nyanya yupo. Kuku akiacha kutaga tunajua anakokwenda. Hayo mageuzi yenu yangemwacha mwanamke aishi miaka thelathini baada ya kuacha kuzaa, kwa kazi gani?

#34 BintiKivu
Mama, swali lako ni kubwa kuliko la mwenye uzi! Sokwe jike porini mara nyingi hafiki mbali baada ya uzazi kukoma. Binadamu anaishi miongo. Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadza karibu na ziwa Eyasi, Tanzania, wakaona wanawake wazee wanachimba mizizi ardhini, kazi ngumu ambayo watoto wadogo hawaiwezi, tena kwa bidii kuliko wasichana. Mama akijifungua mwingine, chakula cha yule aliyeachishwa ziwa kinategemea nyanya. Kwa maelezo yao, nyanya aliyeishi zaidi aliponyesha wajukuu zaidi, na wajukuu wakarithi huo umri mrefu. Yaani uzee wenyewe umetokana na nyanya.

Wapo wanaopinga. Wanasema kuwinda kwa wanaume na ujuzi unaochukua miaka kujifunza ndivyo vilivyorefusha maisha, nyanya akafuata humo.

#35 MotariKatindo
Nyanya yangu ndiye aliyenilea, mama alikuwa Walikale kwa biashara. Hapo nimeamini bila hesabu.

#36 Mtu_wa_Kadutu
Kwa wapenzi wa mifupa: Dmanisi, Georgia, lilipatikana fuvu la miaka kama milioni 1.8 la mtu aliyekuwa amepoteza meno yote isipokuwa moja, na taya lilikuwa limeshaziba, maana yake aliishi miaka bila meno. Kuna wanaosema lazima kuna waliomlisha. Wengine wanasema alijipondea uboho na vitu laini mwenyewe. Fuvu halizungumzi.

#37 KakaDar
Aliishi bila meno miaka yote hiyo, na hakuwa na bugali. Huyo ni shujaa.

#38 Mwalimu_Himbi
Nirudi kwa Motari #9, maana tumemkimbia: kwa nini mmoja ndiyo, wengine hapana?

Darwin mwenyewe aliandika mwaka 1871 kwamba kabila lenye watu wengi walio tayari kujitoa kwa wenzao lingeshinda makabila mengine. George Williams mwaka 1966 akaja na maji baridi: ndani ya kabila hilo mchoyo atakula vya wema na kuzaa zaidi, wema wataisha. Ugomvi huo bado uko hai.

Lakini mazoea ya mahali nayo yana nguvu. Kundi la Joseph Henrich lilicheza mchezo mmoja katika jamii ndogo 15, matokeo yakatoka 2001. Unapewa pesa ugawe na mtu usiyemjua. Akikataa mgao wako, wote mnakosa. Wamachiguenga wa Peru, ambao kila familia inajitegemea, walitoa kama robo. Walamalera wa Indonesia, wanaowinda nyangumi kwa mitumbwi ya pamoja, walitoa zaidi ya nusu. Binadamu ni yule yule. Kazi ya kila siku ndiyo inayofundisha mkono kufunguka. Labda chukudu ni kazi ya namna hiyo: peke yako huwezi kupandisha kilima, unazoea kusukumwa na kusukuma.

#39 Chukudu_ya_Zamani
Hapo Mwalimu umenipata. Kwenye kilima anayeshuka mtupu anasimama kumsukuma anayepanda na mzigo. Huulizi jina. Ukikataa leo, kesho uko peke yako na kilo mia tatu.

#40 Mama Likelemba
LIKELEMBA! Nilisema tangu mwanzo.

#41 MotariKatindo
Sijamaliza. Nilisema nilipandisha bei. Sikusema kwamba safari ya mwisho, karibu na usiku, nilimkuta mtoto wa kiume kama miaka sita anatembea peke yake, amebeba kandambili mkononi. Nilimpandisha mbele ya tanki. Sikumtoza, angenilipa na nini. Tulizunguka Sake mpaka tukampata mama yake. Saa moja kabla nilikuwa namtoza mtu mzima mara tatu. Mtu yule yule, moto ile ile. Nadharia gani inanieleza mimi?

#42 Lushois243
Ya Hamilton. Mtoto alikuwa wako, hukujua 😂

#43 MotariKatindo
Wewe Lushois nikikupata kwenye moto yangu utashuka kabla ya kufika.

#44 MwanaMajengo
Nimerudi. Jana jioni nilimsomea nyanya uzi wote, pamoja na popo. Alisikiliza kimya huku anachambua maharagwe. Nilipomaliza akauliza, "Nani amekuambia hakulipwa?"

Nikamwambia, nyanya, nilikuwepo, hatukumpa kitu. Akasema: nyinyi mlikuwa nyuma mnalia. Mimi nilikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya kitenge, vya siku mbili. Tulipopita Mugunga akasikia harufu, akaniuliza, "Mama, unabeba nini hapo?" Nikampa kimoja. Alikula vyote. Vyote! Kufika Sake sina hata ganda.

Halafu akaingia ndani akatoa ule mpira wa tairi. Kumbe anao mpaka leo, ndio anaofungia godoro la wageni. Anasema mtu yule alisahau mpira, kwa hiyo kama ni deni, sisi ndio tunadaiwa.

#45 Mwalimu_Himbi
Kichwa cha uzi kibadilishwe haraka.

#46 KakaDar
Viazi vitamu kwa kilomita zaidi ya kumi? Hiyo bei hata zamani haikuwepo.

#47 Mtu_wa_Kadutu
Ngoja. Alisimama Ndosho, harufu aliisikia Mugunga. Kwa hiyo viazi si sababu ya kusimama. Swali liko pale pale.

#48 Mama Likelemba
Wewe hujui pua ya mtu mwenye njaa.

#49 Pasta_Jirani
Eliya naye aliomba mkate kwa mjane. Nasema tu.

#50 Chukudu_ya_Zamani
MwanaMajengo, muulize nyanya jambo moja. Kuna mtu wa Kibumba namfahamu, mrefu, alikuwa anapakia makala miaka ile, na huyo akimaliza kilima lazima apige mluzi. Muulize kama alipiga mluzi baada ya Mugunga.

#51 MwanaMajengo
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema angepigaje mluzi, mdomo ulikuwa umejaa viazi.